Kitabu cha Saba

Gesche Uphoff alijua kuwa Jurre Wiersma ni mwongo tangu siku Jurre alipomwandikia kuwa amekisoma kitabu cha saba. Kuna watu hushika wezi kwa mbwa. Gesche aliwashika kwa kitabu, na kitabu chenyewe hakikuwepo duniani.

Ngojeni nieleze mambo yalivyoanza, maana bila hivyo mtamwona mama wa watu ana wazimu. Miaka ishirini na sita nyuma, macho yake yakiwa bado mazima, Gesche aliandika programu ndogo ya kompyuta mezani kwake, mjini Leer. Kazi ya programu hiyo ni moja tu: kusoma namba iliyobandikwa kwenye mfuko wa damu na kusema kama ni sahihi au imekosewa. Namba ikikosewa na asiwepo wa kuikamata, mgonjwa wa kundi hili atatiwa damu ya kundi lile, na hapo halibaki neno ila pole kwa wafiwa. Programu aliitoa bure. Anayetaka aitumie, anayeona kosa alirekebishe, mradi kila rekebisho lipite mkononi mwake kwanza. Maabara zikaichukua, kumi, mia, mia tatu. Kila toleo jipya Gesche alilitia sahihi kwa ufunguo wa siri, ili maabara zijue limetoka kwake wala si kwa mhuni. Ufunguo huo aliuhifadhi kwenye kijiti cha kumbukumbu, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kijiti akakitia ndani ya kopo la majani ya chai.

Sasa ukiwa na kitu kama hicho, watu wema hukujia wengi. Mwaka wa tisa alitokea mmoja, mpole, mchapakazi, hamalizi sentensi bila asante. Gesche akamruhusu aingize mistari yake mwenyewe. Siku moja, katika mistari mia nne ya huyo mpole, akakuta kumi na moja isiyokuwa na kazi yoyote na damu. Ilikuwa inachungulia majina ya wagonjwa na kuyapeleka kusikojulikana. Aliikamata zikiwa zimebaki saa mbili toleo litoke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Gesche tangu siku ile alishtuka hata kwa uzi wa kushonea.

Ndipo akatunga orodha aliyoiita Soma Kwanza. Kila aliyetaka kuchangia ilimpasa kusoma vitabu kumi na kimoja kabla ya kumwandikia. Kumi vilikuwa vya kweli, tena vya maana. Kulikuwa na cha kuigawa kazi kubwa vipande vidogo, kila kipande kikijua jambo lake na kuacha ya wenzake. Kulikuwa na cha kuvipa vitu majina yasiyodanganya, na cha kuandika majaribio kabla ya kazi yenyewe. Kulikuwa na kimoja kinene kinachofundisha kuwa lolote liingialo kwenye programu yako kutoka nje, lichukulie kuwa limetumwa na adui mpaka ulihakikishe. Hicho cha mwisho wengine walikisoma, Gesche alikiishi.

Cha saba kiliitwa *Adabu za Namba*, kimeandikwa na Tjark Ennen. Tjark Ennen alikuwa mchinja nguruwe wa kijijini kwao Gesche alipokuwa mtoto, na hakuwahi kuandika hata risiti. Mtu mkweli alimwandikia Gesche, "Cha saba nimekitafuta kila duka, sijakipata," naye akamjibu, "Karibu, endelea kutafuta." Aliyeandika, "Vyote nimesoma, hasa cha saba kimenigusa," alifungiwa jina lake siku hiyohiyo, na akaitwa mwongo kwenye kundi la barua pepe linalosomwa na wanachama mia nne. Sababu Gesche hakuitaja kamwe. Mtego ukiuonyesha, ndege hatui tena.

Mtego huo haukuchagua. Miaka mitatu iliyopita ulimnasa hata Signe Balslev wa Aalborg, Denmark, aliyekuwa kama mkono wa kulia wa Gesche kwa miaka mingi na aliyekaribishwa kwa ukweli wake. Siku moja akaandika tu, bila kuulizwa, "Hatimaye cha saba nimekisoma." Gesche alilia jikoni, kisha akaenda kumfungia. Na sasa huyu Jurre, kijana Mholanzi wa Groningen, ng'ambo tu ya mpaka, aliyekaribishwa miaka miwili nyuma kwa kukiri kuwa hakukipata.

"Amesema amekisoma," Gesche akamwambia Okko.

Okko alikuwa mume wa marehemu dada yake, dereva wa treni mstaafu, na kila saa tisa alasiri alikuja kunywa chai. Alikuwa anaimimina krimu ukingoni mwa kikombe, taratibu, isivuruge sukari iliyo chini.

"Nani tena?"

"Mholanzi wangu."

"Si ndiye uliyesema wiki iliyopita kuwa ana akili kuwashinda wote?"

"Ndiyo hatari yenyewe. Mwizi mjinga anakusumbua siku moja tu."

"Shemeji, wewe hata kioo cha bafuni ungekidai pasipoti."

"Na kingenipa, ningeikagua."

Okko akacheka, kisha akaacha kucheka. "Daktari kasemaje?"

"Jicho la kushoto limekwisha. La kulia labda litafika Krismasi."

Katikati ya kila alichokitazama pameketi doa. Watu wote siku hizi walikuwa na nywele na masikio, pua hawana. Kwenye kompyuta alizikuza herufi zikawa kubwa kama kidole gumba, na hata hivyo ilimchukua asubuhi nzima kusoma kazi ambayo zamani aliimaliza kwa kikombe kimoja cha chai. Juzi alipitisha kosa. Lilikuwa dogo, mtu mwingine akaliona, lakini Gesche hakulala vizuri tangu hapo.

"Basi mpe mtu ufunguo upumzike," Okko akasema.

"Nimpe nani? Nikiukalia, nitapitisha kosa jingine na hili halitakuwa dogo. Nikimpa asiyefaa..."

"Mtu atatiwa damu ya mtu. Nimeshausikia wimbo huo, shemeji, nauimba mpaka usingizini." Akatia kijiko kikombeni kuonyesha kuwa ametosheka. "Ila kuna ubeti unauruka. Usipompa yeyote, ni yaleyale."

Gesche akaliondoa kopo la chai mezani.

Kilichomtia wasiwasi zaidi si kitabu peke yake. Kila mwandishi wa programu ana mkono wake, kama kila mpishi na chumvi yake. Jurre alikuwa na mikono miwili. Kuna siku mistari yake ilikuja mifupi, mikavu, haina hata neno la maelezo. Siku nyingine ilikuja imepangwa vizuri, na juu ya kila fungu pana maelezo ya kwa nini limeandikwa vile na si vinginevyo. Barua za Gesche nazo alizijibu alfajiri na akazijibu tena saa nne usiku, siku hiyohiyo. Huyu si mtu, Gesche aliwaza, hili ni genge limevaa jina moja.

Badala ya kumfungia siku hiyohiyo, akaamua kumpima, ili alinase genge zima. Akamwandikia: kitabu cha saba kinasema nini? Jibu likaja kabla ya robo saa. "Ukurasa wa hamsini na nne: Usiiamini namba kwa kuwa imechapwa vizuri. Iulize imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani."

Gesche aliyasoma maneno hayo mara tatu, miwani ya kukuzia ikiwa imegusa kioo cha kompyuta. Yalikuwa maneno mazuri, na hilo lilimkera kupita kiasi. Mwongo mwenye kipaji cha kutunga namna ile atashindwa nini? Akaandika: "Njoo Bremen Jumamosi kwenye mkutano wa funguo. Njoo na pasipoti."

"Nitakuja," Jurre akajibu. "Naomba nije na mtu."

"Umeona?" Gesche akamwambia Okko. "Genge linajileta lenyewe."

Mkutano wa funguo, ambapo wachangiaji huhakikishiana kuwa kila ufunguo wa sahihi ni wa mwenye jina kweli, hufanyika kila mwaka katika ukumbi wa maktaba, asubuhi, na watu waliokuja mwaka huu walikuwa kama sitini. Husimama mistari miwili wakitazamana, kila mmoja ameshika pasipoti yake mkono mmoja na mkono wa pili karatasi aliyopewa mlangoni, yenye majina ya wote na namba za funguo zao, herufi na tarakimu arobaini kwa kila mtu. Hapo hakuna habari za nyumbani. Unaitazama picha, unautazama uso, unakagua namba ya mwenzako kwa macho yako mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, unatia alama ya vema, unasogea hatua moja kwa anayefuata. Mpita njia angedhani mpaka wa nchi umehamia ndani ya maktaba. Gesche aliupenda mkutano huo kuliko harusi yoyote.

Jurre alimfikia akiwa mtu wa tano. Mrefu, masikio mekundu, pua ilikuwa ndani ya doa.

"Habari za safari, mama."

"Pasipoti."

Akaipokea, akaisogeza jichoni, akaigeuza kwenye mwanga. Wiersma, Jurre. Ilikuwa ya kweli, na hilo likamkera pia.

"Wa pili yuko wapi?"

"Wa pili yupi, mama?"

"Usinifanye mtoto. Kazi unazoniletea zimeandikwa na watu wawili. Nimezisoma miaka miwili, mkono wa mtu naujua. Wa pili ni nani, na nyie mnamfanyia nani kazi?"

Mstari ulikuwa umesimama. Watu walianza kugeuza shingo.

"Ni kweli," Jurre akasema. "Tuko wawili."

Nitasema ukweli: Gesche alifurahi. Alifurahi kama mtu aliyesema mvua itanyesha, watu wakamcheka, na sasa wote wameloa. Okko, aliyekuwa amemshika kiwiko, akamnong'oneza, "Taratibu, shemeji."

"Na kitabu cha saba umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Kijana, hakuna kitabu cha saba. Tjark Ennen alikuwa mchinja nguruwe. Nilikitunga mimi ili niwakamate watu kama wewe."

"Tunajua," Jurre akasema, bila kupandisha sauti. "Wote tuliokitafuta tukakikosa, tulijua zamani. Tuliona aibu kukwambia." Akaingiza mkono mkobani, akatoa kitabu, akakiweka juu ya viganja vya Gesche.

Kilikuwa chembamba, kimeshonwa kwa uzi. Gesche akakisogeza jichoni mpaka jalada likamgusa pua. *Adabu za Namba*. Tjark Ennen.

"Mmeghushi mpaka kitabu," akasema. "Watu wa kughushi kitabu mtashindwa pasipoti?"

"Lete hapa," Okko akasema. Akakifungua popote kilipofunguka, akasoma kwa sauti yake ya kutangazia vituo. "Anayeandika haraka anamwandikia aliye naye chumbani. Anayeandika polepole anamwandikia asiyemjua." Akauinamia ukurasa. "Shemeji, chini hapa pana herufi ndogo. Gesche Uphoff, Novemba 2004, akimjibu mtu aliyelalamika kuwa anacheleweshwa."

"Soma wa hamsini na nne."

"Usiiamini namba kwa kuwa imechapwa vizuri. Iulize imetoka wapi..." Okko akateremka kwenye herufi ndogo. "Gesche Uphoff, tarehe tisa Machi 2006, akimjibu mtu aliyesahau kukagua."

Ndipo akakumbuka. Siku hiyo alikuwa na mafua na hasira, akamwandikia mtu mmoja mzembe kwa dakika mbili, kisha akaenda kuosha vyombo. Kumbe kuna aliyeyaokota.

"Nani amefanya hivi?"

"Signe," Jurre akasema. "Alipitia majibu yako yote ya miaka ishirini na zaidi, msimu wa baridi mmoja na wa pili. Akachapisha nakala kumi na mbili. Ya kwanza alikutumia wewe kwa posta, zawadi ya programu kutimiza mwaka mwingine. Alipodhani imeshafika ndipo akaandika kuwa hatimaye amekisoma cha saba. Alikuwa anakutania, mama."

"Sikupata kitu."

"Ulipata. Kilirudi hakijafunguliwa."

Gesche akatafuta kichwani, na akakipata: bahasha nene, muhuri wa Denmark, jina la mtumaji limechanika njiani, imebaki namba ya sanduku la posta tu. "Sifungui kifurushi nisichokitarajia," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mngeniambia."

"Tukwambie nini? Tuliona umekirudisha, halafu umemwita mwongo mbele ya kila mtu. Tukajua hukukitaka kitabu wala aliyekitengeneza. Nani angethubutu? Mimi nimethubutu sasa kwa sababu ya lile kosa uliloliacha lipite."

"Na wa pili wako?"

"Ni yeye. Jina lake ulilifungia, kwa hiyo anatumia langu."

"Nilimtukana. Kwa nini aendelee?"

"Mama yake hutiwa damu kila baada ya wiki tatu. Alisema mifuko haijui kuwa mmegombana."

Aibu ilimpanda Gesche kutoka miguuni. Katika miaka ishirini na sita alikuwa amemkamata mwizi mmoja wa kweli. Mmoja. Kwa ajili yake alikuwa amewafungia mlango watu wasiojulikana idadi, wengine huenda walijisifu tu kwa woga wa kuonekana wajinga. Na yule mmoja aliyemsoma neno kwa neno, akamweka kwenye kitabu, ndiye aliyemtupa nje mbele ya watu wote.

"Yuko wapi?"

"Pale penye kahawa. Amesema haingii kwenye mstari mpaka ajue utasemaje."

Okko akamwongoza. Gesche aliona koti la mvua la manjano na nywele fupi za kijivu. Uso hakuuona, na kwa mara ya kwanza alilishukuru doa.

"Signe."

"Ndiyo."

"Nimekukosea."

"Ndiyo, umenikosea." Signe alikuwa anakoroga kahawa ambayo ilishakorogeka. "Mama yangu alisoma barua ile. Aliniuliza nimedanganya nini. Sikuwa na la kumwambia, maana sikujua."

"Ninaomba unisamehe."

"Hapa unaniomba mbele ya shemeji yako. Siku ile ulisema mbele ya watu mia nne."

Gesche hakubisha. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akamwambia Okko afungue kompyuta ya mkobani na kuliandikia lile kundi la barua pepe atakachosema. Okko aliandika kwa vidole viwili, akitamka kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza, na watu wa mistari wakawa wanasikia.

"Mimi ni Gesche Uphoff. Miaka mitatu iliyopita niliandika hapa kuwa Signe Balslev ni mwongo. Alisema kweli. Kitabu cha saba kipo, yeye ndiye aliyekitengeneza, na mimi nilikirudisha bila kukifungua kwa kuwa namshuku kila mtu. Kosa lote ni langu."

"Niweke samahani?" Okko akauliza.

"Weka."

"Mwanzo au mwisho?"

"Kotekote. Tuma."

Simu zikaanza kutetemeka mifukoni mwa watu, moja, tatu, ukumbi mzima. Watu wakasoma. Kisha wakatazama viatu vyao, maana wengi walikuwa wameisoma barua ya kwanza pia na hawakusema kitu.

Signe aliisoma kwenye simu yake mpaka mwisho, akarudia. Akakiweka kikombe chini, akatoa pasipoti kwenye koti, akaenda kusimama kwenye mstari. Gesche akasimama mbele yake.

"Pasipoti," Signe akasema.

Gesche akampa. Signe aliikagua kama alivyofundishwa, picha, uso, tarehe, akaiinamisha kwenye mwanga, kisha akaipitia namba ya Gesche tarakimu kwa tarakimu bila huruma. Akatia alama.

"Sasa wewe."

Gesche akashika karatasi. Siku hiyo aliwakagua wanne wa mwanzo kwa taabu kubwa, na jicho lilikuwa limechoka kabisa. Namba ya Signe ilikuwa vumbi tu. Okko akaanza kutafuta miwani ya kukuzia mkobani, Gesche akamzuia mkono.

"Nisomee mwenyewe," akamwambia Signe. "Ukimaliza natia alama, na ufunguo wa programu unakuwa wako leo hii."

"Hairuhusiwi. Utajuaje kama ninayosoma ni ya kweli?"

"Sitajua."

Signe akaisogeza karatasi yake karibu. Kisha akaanza kusoma, tarakimu nne, akapumzika, nne, akapumzika, mpaka zikatimia arobaini. Gesche alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Zilipokwisha, akapapasa karatasi kwa kidole, akashusha kalamu.

"Huo ni mstari wa mtu mwingine," Signe akasema. Akamshika mkono, akausogeza mstari mmoja chini.